Ingå au Inkoo? Manispaa ya lugha mbili inavyoendeshwa

Itifaki imezingatiwa, wazee wetu na ndugu zetu mliokusanyika hapa.

Mada mliyotupa ni hii: mtu wa Kiswahili akihamia sehemu ya Ufini ambako Kiswidi ndicho lugha ya wengi na Kifini ndicho cha wachache, mambo yake yanakwendaje? Maswali mengi yaliyotangulia kufika yalikuwa ya aina moja. "Mbona barua imekuja kwa Kiswidi?" "Mtoto nimpeleke shule ipi?" "Kwani huku si Ufini?" Tutayajibu kupitia mahali pamoja, Ingå, ambapo kwa Kifini panaitwa Inkoo, kwa sababu ni padogo, pako pwani, na mashine ya lugha mbili inaonekana pale ikizunguka bila kufunikwa.

Kwanza neno lenyewe. Tukisema manispaa msifikirie mji wenye roundabauti na soko kuu. Kwa Wafini ni eneo la utawala la chini kabisa, likiwa na mji au bila mji: vijiji, mashamba, misitu na visiwa vyote ndani ya baraza moja. Ingå iko Ghuba ya Ufini, kiasi cha kilomita 60 magharibi ya Helsinki, na ina wakazi wapatao 5,400. Takriban nusu wameandikishwa kuwa na Kiswidi kama lugha mama, wakiwazidi wa Kifini kwa asilimia chache tu. Wazungumzaji wa Kiswidi Ufini nzima ni kama asilimia 5 ya watu wote.

Na tafadhali, jirani yako wa Ingå anayezungumza Kiswidi usimwite Mswidi. Ni Mfini, pasipoti yake ya Ufini, na babu wa babu yake alizaliwa pwani hiyo hiyo. Watu wa Kiswidi walianza kukaa mwambao huu tangu zama za kati, na nchi nzima ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi hadi 1809. Kanisa la mawe pale kijijini limepewa jina la Mtakatifu Nikolai, msimamizi wa mabaharia. Kumwita mtu huyo Mswidi ni sawa na kumwita Mmanga mtu wa Lamu ambaye kwao ni Lamu.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana kila kitu kinaanzia hapo.

Sheria ya Lugha ya Ufini ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2004. Inasema manispaa itahesabiwa kuwa ya lugha mbili iwapo kundi dogo, liwe la Kifini au la Kiswidi, linafikia asilimia 8 ya wakazi, au linafikia watu 3,000 hata kama asilimia ni ndogo. Ikishakuwa ya lugha mbili haivuliwi hadhi hiyo mpaka kundi dogo lishuke chini ya asilimia 6 na pia chini ya watu 3,000. Mlango wa kuingilia ni 8, wa kutokea ni 6. Pengo hilo limewekwa kwa makusudi, ili manispaa isiyumbe ndani na nje kila familia tatu zikihama. Serikali hutoa amri ya kutaja lugha za kila manispaa kila baada ya miaka 10. Iliyopo sasa ni ya 2023 hadi 2032.

Kuna mlango wa tatu. Baraza la manispaa likiomba lenyewe, serikali inaweza kuipa hadhi ya lugha mbili kwa miaka 10 hata kama hesabu haitoshi. Lohja, majirani wa Ingå upande wa kaskazini, wana wazungumzaji wa Kiswidi chini ya asilimia 5, na wameshika hadhi hiyo kwa uamuzi wa baraza lao.

Kibao cha barabarani kinakupa habari hiyo yote kabla hujafungua kitabu. Lugha ya wengi hukaa juu, ya wachache chini. Ukiingia Ingå unasoma Ingå, chini yake Inkoo. Ukivuka kuingia kwa majirani unasoma Lohja, chini yake Lojo. Ukikuta kibao chenye mstari mmoja tu, usidhani wamesahau. Degerby, Fagervik na Barösund hazina jina jingine la Kifini, kwa hiyo hakuna cha kuandika chini.

Lakini ulimwengu haufuati vibao. Mwishoni mwa 2022 meli kubwa ya gesi iitwayo Exemplar iliposogezwa kwenye bandari ya Ingå, na Oktoba 2023 bomba la gesi la Balticconnector linalounganisha hapo na Paldiski, Estonia, lilipoharibika chini ya bahari, magazeti ya dunia yaliandika Inkoo, Inkoo, Inkoo. Kwa hiyo jina linalojulikana nje ni lile la mstari wa chini. Ukitafuta habari za kwenu mtandaoni tafuta kwa majina yote mawili, la sivyo utapata nusu.

Turudi kwenye hesabu, kuna kitu wengi hawakioni. Asilimia hupigwa juu ya wakazi wote, pamoja na sisi wa Kiswahili, Kivietinamu, Kiukreni na wengine. Na kila mtu huandikishwa lugha mama moja tu. Mtoto mwenye mama wa Kiswidi na baba wa Kifini, anayezungumza zote mbili toka utotoni, kwenye rejista ni wa moja. Chukulia manispaa ya kufikirika yenye watu 2,000, ambamo kundi dogo ni watu 160, yaani asilimia 8 kamili. Wakija wageni 100 wenye lugha nyingine, 160 wale wale wanakuwa sehemu ya 2,100, na asilimia inashuka hadi 7.6. Hakuna aliyehama wala kufa, ila mizani imesogea. Hii haina maana ufiche lugha yako. Andikisha Kiswahili kama ndicho chako. Tunaeleza ili ukisikia wenyeji wanabishana kuhusu takwimu ujue wanabishania nini, na kwamba si wewe wanayekusema.

Jambo jingine: wanaohesabiwa ni wenye makazi rasmi pale. Ingå ina nyumba nyingi za mapumziko kando ya bahari, na mwezi wa Julai gatini utasikia Kifini kila upande. Wengi wa hao wameandikishwa Helsinki, Espoo na kwingineko. Hawamo kwenye mizani.

Kwa Ingå yenyewe, asilimia 8 ya wakazi 5,400 ni watu 432, na wazungumzaji wa Kifini wamepita hapo mara kadhaa. Hadhi ya lugha mbili haina wasiwasi. Kinachoweza kubadilika siku moja ni nani wengi, yaani jina lipi likae juu. Hilo nalo limefungwa ndani ya amri ya miaka 10. Kibao hakigeuzwi kwa takwimu za mwaka mmoja.

Sasa wewe uliyefika. Kwenye rejista ya watu utajaza vitu viwili vinavyofanana lakini si kimoja. Cha kwanza ni lugha mama: hapo unaandika Kiswahili. Cha pili ni lugha ya mawasiliano, ambayo ni lazima iwe Kifini au Kiswidi, hakuna chaguo la tatu. Hii ya pili ndiyo inayoamua barua zako zitakuja kwa lugha gani. Watu hujaza haraka haraka, au mtu wa ofisini anawasaidia na kuweka anachodhani, kisha mwaka mzima wanapokea karatasi wasizoelewa. Kubadilisha ni bure, kwa fomu au mtandaoni ukiwa na namba za siri za benki. Ukishabadilisha, angalia barua inayofuata ya kila ofisi, kwani si zote zinazosoma rejista moja kwa moja, na nyingine zina kumbukumbu zao.

Ofisi zenyewe zina majina mawili, na hapa watu wamelipishwa faini kwa kudhani wametumiwa barua na shirika wasilolijua. Kela na FPA ni ofisi moja ya mafao. DVV na MDB ni ile ile ya rejista. Vero kwa Kifini, Skatt kwa Kiswidi: kodi ni kodi. Bandikeni kikaratasi kwenye friji.

Anwani nayo iko hivyo hivyo. Barabara moja ina jina la Kiswidi linaloishia na -vägen na la Kifini linaloishia na -tie, na posta ya 10210 ni Ingå na ni Inkoo. Barua itafika kwa jina lolote, ila usichanganye barabara kwa lugha moja na mji kwa nyingine kwenye fomu, maana mfumo wa kompyuta unaweza kuhesabu kuwa ni anwani mbili. Mkiwa na dharura, 112 wanahudumia kwa Kifini na Kiswidi, na programu ya simu ya 112 Suomi hutuma mahali ulipo. Isakinishe, hasa kama mnakaa upande wa visiwa, ambako jina la njia halimsaidii mtu asiye mwenyeji.

Tukiwa huko visiwani, wachache mmeuliza kuhusu kivuko cha Barösund. Ni bure, kwani kinahesabiwa kuwa sehemu ya barabara ya umma. Kinajivuta kwa kamba ya chuma iliyolazwa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, na kikiwa safarini kamba hiyo inakaza na kuinuka majini. Mwenye mtumbwi au boti asikatize karibu nacho kikiwa kinatembea, hata kama nafasi inaonekana ipo. Hapa lugha haina kazi. Mtazame nahodha na taa.

Ndani ya ofisi ya manispaa, haki yako ni kuhudumiwa kwa Kifini au kwa Kiswidi, uchague wewe, na mfanyakazi anatakiwa aonyeshe kwa vitendo kwamba zote zinakubalika bila kusubiri ulalamike. Tangazo kwa umma lazima litoke kwa lugha zote mbili. Wito wa mkutano wa baraza na kumbukumbu zake vivyo hivyo. Karatasi nyingine baraza linajiamulia. Mkutanoni diwani anasema kwa lugha anayotaka. Asiyeelewa akiomba, anaelezwa kwa kifupi. Kwa hiyo msishangae swali likiulizwa kwa Kiswidi, jibu likaja kwa Kifini, na hakuna aliyegeuza kichwa.

Inaharibika wapi? Kwenye muda. Wito wa baraza hutakiwa kutumwa angalau siku 4 kabla ya mkutano, na tafsiri lazima iwe imeisha kabla ya hapo. Waraka wa mpango wa ardhi una kurasa nyingi na maneno ya kisheria ambayo kila moja lina mwenzake maalumu upande wa pili. Likibadilishwa aya moja dakika za mwisho, toleo moja linapata aya mpya na lingine linabaki na ya zamani. Ukiona matoleo mawili yana tarehe au namba tofauti, usichague linalokupendeza. Waulize wenyewe, kwa maandishi ikiwezekana. Kesi yako ya kiutawala huendeshwa kwa lugha yako ikiwa ni moja kati ya hizo mbili. Pande mbili zikitofautiana, ofisi huangalia haki za pande zote, na isipopatikana njia, hutumika lugha ya wengi, ambayo kwa Ingå ni Kiswidi. Uamuzi ukitoka kwa lugha isiyo yako kati ya hizo mbili unaweza kudai tafsiri rasmi bila malipo. Haki hiyo haihusu Kiswahili. Kwa Kiswahili unadai mkalimani, na hospitalini au kwenye huduma za jamii kwa kawaida ofisi ndiyo inayomlipa. Usimfanye mtoto wako mkalimani wa mambo ya daktari. Hilo tunalisema kwa ukali kidogo.

Na hospitali si ya manispaa tena. Tangu 1 Januari 2023 afya, huduma za jamii na zimamoto zilihamia kwenye mikoa ya ustawi. Ingå imo katika mkoa wa Uusimaa Magharibi pamoja na Espoo, wenye watu karibu nusu milioni. Hapo hesabu imegeuka: mtu wa Kiswidi aliyekuwa wengi asubuhi kwenye ofisi ya kijiji ni wachache mchana akienda kwa daktari. Mkoa huo ni wa lugha mbili kisheria na una kamati yake ya kusimamia huduma kwa lugha ya wachache, lakini kamati haiwezi kumpa zamu nesi ambaye hajaajiriwa. Kwa maoni yetu hapa ndipo pwani hii inapobanwa kweli kweli, kuliko kwenye vibao ambavyo watu hupenda kuvigombania. Ukiwa unasomea uuguzi na unakijua Kiswidi, soko lako liko hapo.

Tukae sasa kwenye shule, kwa sababu uamuzi huu ndio mgumu kuurudisha nyuma.

Ufini hakuna shule moja ya lugha mbili ambayo nusu ya masomo ni hivi na nusu ni vile, kwa maana ya kawaida ya manispaa. Kuna shule ya Kifini na kuna shule ya Kiswidi, kila moja na walimu wake, na manispaa yenye makundi yote mawili inalazimika kuendesha zote. Hata usimamizi umegawanywa: kila kundi lina kamati yake ya elimu au tawi lake ndani ya kamati ya pamoja, na wajumbe hutoka kwenye kundi hilo. Kwa hiyo ukienda kuuliza nafasi, uliza upande sahihi. Mkuu wa shule ya Kifini hawezi kukuahidi kitu cha shule ya Kiswidi hata kama milango inatazamana.

Mtoto wa Kiswahili anayefika bila lugha yoyote kati ya hizo kwa kawaida huanza na mafunzo ya matayarisho ya kiasi cha mwaka mmoja, kisha huingia darasa la kawaida. Kabla hamjakubali nafasi hiyo, ulizeni iko kwa lugha gani, maana mara nyingi lugha ya matayarisho ndiyo inayomvuta mtoto moja kwa moja kwenye shule ya lugha hiyo, na uamuzi unakuwa umeshafanyika bila mzazi kujua.

Upi bora? Tutasema tunavyoona. Mnakusudia kukaa pwani hii miaka mingi, mtoto bado mdogo, majirani ni wa Kiswidi: shule ya Kiswidi ni chaguo zuri, kwani humo Kifini hufundishwa mapema na kijana mara nyingi hutoka na lugha mbili mkononi. Upande wa Kifini, Kiswidi cha lazima huanza darasa la 6 kwa waliochelewa zaidi, na wengi hutoka wakijua kusoma kibao na kuagiza kahawa. Baada ya sekondari njia ya Kiswidi haifiki ukutani: kuna chuo kikuu cha Åbo Akademi huko Turku na Vaasa, kuna Hanken kwa biashara, kuna Arcada na Novia kwa fani za kazi. Lakini kama baba anafanya kazi Vantaa, mji wa karibu na Helsinki wenye Kifini kwa wingi, na mnajua baada ya miaka miwili mtahama, mwacheni mtoto aanze na Kifini. Kumhamisha kutoka lugha moja kwenda nyingine akiwa darasa la 7, fizikia na historia zikiwa zimeanza kukaza, ni kumrudisha nyuma mbele ya wenzake.

Msisahau Kiswahili chenyewe. Manispaa inaweza kuandaa vipindi vya lugha mama kwa ruzuku ya serikali, kwa kawaida saa mbili kwa wiki, kundi likianza na wanafunzi wasiopungua 4. Hawalazimiki kuandaa. Na hao wanne wanaweza kutoka shule tofauti, hata manispaa tofauti. Kwa hiyo familia moja ya Ingå peke yake haiwezi, ila ikishikana na za Lohja na Raseborg inawezekana, mkiomba mapema na mkiwa na mwalimu wa kumtaja.

Kwa watu wazima, uraia unataka lugha, na Kiswidi kinatosha. Mtihani wa kitaifa huitwa YKI. Unahitaji kiwango cha 3, kwa Kifini au kwa Kiswidi. Nafasi za mtihani wa Kifini huisha upesi sana siku ya kujiandikisha, hivyo wekeni saa na kadi ya benki mezani. Wa Kiswidi hufanyika mara chache zaidi kwa mwaka. Ukikosa tarehe unasubiri miezi. Tangu mwanzo wa 2025 mipango ya kuwakaribisha wageni iko zaidi mikononi mwa manispaa, pamoja na huduma za ajira. Ukipewa kozi ya Kifini na wewe maisha yako yote yako kwa Kiswidi, sema. Andika sababu: kazi niliyoahidiwa, shule ya mtoto, majirani. Sababu iliyoandikwa husikika.

Kiswidi chenyewe utakachosikia Ingå si cha Stockholm. Hakina ile sauti ya kupanda na kushuka, kinatamkwa kama kinavyoandikwa, na kwa sikio la Kiswahili ni rahisi zaidi. Ukijifunza kwa programu za simu zilizotengenezwa Uswidi utaelewana nao, ila majina ya ofisi na vyeti hayatalingana.

Na kura. Uchaguzi wa manispaa huja kila miaka 4, wa mwisho ulikuwa Aprili 2025. Huhitaji uraia: mgeni asiye wa Umoja wa Ulaya wala nchi za Nordiki, mwenye umri wa miaka 18 na aliyekuwa na makazi Ufini kwa miaka 2, anapiga kura na anaweza kugombea. Katika manispaa ya watu 5,400 kiti cha baraza hakihitaji maelfu ya kura.

Fomu za kubadilisha lugha ya mawasiliano ziko meza ile ya mlangoni, rundo la kushoto Kifini, la kulia Kiswidi. Zinauliza mambo yale yale. Karibuni na maswali.